Bakuli la Kublai Khan

Leo tunakwenda Beijing, mji mkuu wa China, kuangalia bakuli la pombe ambalo hakuna mtu awezaye kulinyanyua. Lina uzito wa takriban tani 3.5, kimo cha sentimita 70 hivi, na mzingo wake unakaribia mita 5. Limechongwa kutoka bonge moja la jiwe la jedi, lile jiwe gumu la thamani ambalo Wachina wamelienzi kwa maelfu ya miaka.

Aliyeliagiza ni Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia na mjukuu wa Genghis Khan. Lilikamilika mwaka 1265. Wakati huo China ya kusini ilikuwa bado chini ya wafalme wa Song, na Kublai mwenyewe alikuwa hajautangaza utawala wake wa Yuan. Bakuli likawekwa katika ukumbi wa Guanghan, juu ya kisiwa kilichomo leo ndani ya bustani ya Beihai. Kwa Wamongolia, karamu ilikuwa sehemu ya utawala. Majemadari, wakuu wa koo na wajumbe wa mbali walikunywa mbele ya Khan, na kila aliyeliona bakuli lile alielewa amekaa kwa nani.

Ubavuni mwake pamechongwa bahari iliyochafuka. Mawimbi yanazunguka bakuli zima, na ndani yake wanaogelea majoka pamoja na viumbe wa ajabu wenye sura za farasi, nguruwe na kulungu.

Sasa msikilizaji utauliza, jiwe gumu namna hiyo lilichongwaje? Fundi wa jedi wa zamani hakutumia patasi na nyundo kama fundi wa milango ya Lamu au Zanzibar. Kisu cha kawaida hakilikwaruzi jiwe hili. Yeye alichukua mchanga mgumu, akauchanganya na maji, kisha akausugua juu ya jiwe kwa magurudumu na keekee. Kilicholila jiwe ni mchanga. Chombo kazi yake ilikuwa kuuzungusha tu. Ndiyo maana kazi hii ilikula miaka. Karne tano baadaye, mafundi wa mji wa Yangzhou walipewa bonge jingine la jedi, la tani 5 hivi, walichonge liwe sanamu ya mlima. Walianza mwaka 1781, wakamaliza 1787.

Turudi kwa bakuli letu. Utawala wa Yuan ulianguka mwaka 1368, ukaja wa Ming. Mwaka 1579 ukumbi wa Guanghan nao ukaporomoka. Bakuli likapotea machoni pa wakubwa, likaishia katika hekalu moja la watawa wa Kidao karibu na kasri. Watawa wale walihitaji chombo kikubwa jikoni, basi wakalitumia kuwekea achari. Naam, bakuli la karamu za Khan likajaa mboga za chumvi!

Mwaka 1745, chini ya utawala uliofuata ule wa Ming, habari zikamfikia mfalme Qianlong, mmoja wa wakusanyaji wakubwa wa vitu vya kale katika historia ya China. Akalinunua kwa dhahabu, akalihamishia Tuancheng, jirani na Beihai, na baadaye akalijengea kibanda cha nguzo. Akatunga mashairi ya kulisifu, yakachongwa ndani ya bakuli lenyewe. Kisha akawaamuru wasomi 40 wa ikulu watunge yao, nayo yakachongwa kwenye nguzo za kibanda.

Lakini Qianlong hakuishia kwenye mashairi. Aliagiza mafundi wake walichonge upya bakuli, tena mara nne, wanoe mistari na kung'arisha michoro. Leo wataalamu wanapolichunguza hupata taabu kutenganisha mkono wa fundi wa mwaka 1265 na mkono wa fundi wa karne ya 18. Zaidi ya hayo, alipolichukua bakuli, kitako chake cha asili kilibaki hekaluni. Baadaye kitako hicho kilihamishiwa hekalu la Wabudha la Fayuan, na bakuli likabaki Tuancheng. Viwili hivyo vimo katika mji mmoja, na bado vimetengana.

Hukumu yangu, wasikilizaji, ni hii. Watawa waliolitia achari hawakulidhuru kama alivyolidhuru mfalme aliyelipenda. Wao walilitumia, wakaliacha lilivyo. Yeye aliliokoa kwa mkono mmoja na kulifuta kwa mkono mwingine. Kwa hiyo wewe mwenye sinia la shaba la bibi, kiti cha enzi cha ukoo au kasha la kale la mbao, usikimbilie msasa wala vanishi. Andika kilitoka kwa nani na lini, na kitako chake usikitenge nacho.