Uzio Kwanza, Simba Baadaye

Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, Wanyarwanda wengi waliokuwa uhamishoni walirudi nyumbani na ng'ombe wao. Malisho hayakutosha, wakaingia Hifadhi ya Akagera, mashariki mwa nchi. Siwalaumu. Mtu aliyezeekea ukimbizini angeipeleka wapi mifugo yake? Lakini simba walikamata ng'ombe, na wafugaji wakajibu kwa sumu: mzoga ulitiwa dawa, ukaachwa pale pale, na simba waliorudi kula wakafia hapo. Haikuchukua miaka mingi wakaisha kabisa. Mwaka 1997 serikali ikaimega hifadhi, ikabaki chini ya nusu. Faru mweusi naye alionekana mara ya mwisho 2007.

Leo simba na faru wamo tena. Wengi husimulia ndege iliyoleta simba saba kutoka Afrika Kusini mwaka 2015, na faru weusi 18 waliofuata 2017. Kwangu mimi, kazi kubwa ilifanyika kabla ya ndege hizo. Bodi ya Maendeleo ya Rwanda ilipoingia ubia na shirika la African Parks mwaka 2010, hawakukimbilia simba. Walianza na uzio wa umeme wa jua, kilomita 120, upande wa magharibi wenye vijiji, ukakamilika 2013. Nyati wakabaki kule, ng'ombe huku. Mkulima ambaye shamba lake halikanyagwi usiku ana sababu gani ya kutafuta sumu?

Watalii wakaja, na kabla ya korona mapato yao yalikuwa yakilipa sehemu kubwa ya gharama za hifadhi. Vijana wa jirani wanawatembeza wageni kwa malipo, wengine wanauza asali, na asilimia 10 ya mapato ya utalii ya hifadhi za Rwanda huenda kwenye miradi ya vijiji vinavyozizunguka. Kisha 2020 mipaka ikafungwa. Mgeni hakuwepo, ila askari wa wanyamapori alidai mshahara wake na uzio ulitaka kukaguliwa kila siku.

Kwa hiyo hifadhi inayotegemea tiketi za wageni peke yake bado haijajitegemea. Akagera, na hifadhi zetu za Tanzania na Kenya pia, zitenge akiba miaka ya neema, kwa sheria, na fungu la vijiji liwe la kwanza kulindwa wageni wanapokosekana.