Nukta ni ya Jarida, Ukurasa ni Wako: Kuandaa Marejeleo ya Makala ya Sayansi

Mada ya semina ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu kutoka Afrika Mashariki, Mississauga, Ontario



Nimeombwa nizungumzie kazi ambayo wengi wetu huiachia usiku wa mwisho, muswada ukiwa tayari kutumwa na macho yameshachoka: orodha ya marejeleo. Mfano wangu mkuu ni makala moja ya kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Tanganyika, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliotiwa kwenye friza ukiwa moto umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Aliposimulia, alichekwa. Baadaye, akiwa shuleni Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, naye akaenda kulijaribu maabara. Makala yao ilitoka mwaka 1969, na kichwa chake ni neno moja tu lenye alama ya kuuliza.

Jarida linalofuata mtindo wa Vancouver litataka iandikwe hivi:

Mpemba EB, Osborne DG. Cool? Phys Educ. 1969;4(3):172-5.

La mtindo wa APA litataka hivi:

Mpemba, E. B., & Osborne, D. G. (1969). Cool? *Physics Education*, *4*(3), 172–175. https://doi.org/10.1088/0031-9120/4/3/312

Zitazameni kwa makini. Vancouver haiweki nukta baada ya herufi za majina, inafupisha jina la jarida kwa kufuata orodha ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, na inabana kurasa. Ndani ya matini unaweka namba tu, na orodha inafuata mpangilio wa namba hizo. APA inauleta mwaka karibu na mwandishi, inalaza jina la jarida pamoja na namba ya juzuu, na orodha yake inafuata alfabeti. Kisha angalieni alama ya kuuliza: baada yake hakuna nukta. Programu za marejeleo hupenda kuiongeza, na mhariri mwenye jicho kali huiona mara moja.

Kanuni hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1978 wahariri wachache wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, hapa hapa Kanada, wakakubaliana namna moja ya kupokea miswada, maana waandishi walikuwa wakichapisha upya kurasa nzima kwa taipureta kila makala ilipohamia jarida lingine. Mapatano yao yalitolewa mwaka 1979. Utaratibu wa mwandishi na mwaka ni wa zamani zaidi: kwa kawaida hutajwa kuwa umeanza na Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama wa Harvard, katika makala yake ya mwaka 1881 kuhusu koa wa bustanini. Nayasema haya ili msiiogope nukta wala mkato. Hayo ni mapatano ya watu, na majarida mengi ya Elsevier, kwa mfano, hupokea muswada wa kwanza kwa mtindo wowote mradi uwe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini jina la mwandishi, mwaka, juzuu na ukurasa si mapatano. Ukikosea hapo, msomaji anafika nyumba ambayo siyo.

Majina yetu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapoumia. Mitindo yote hii inachukulia kwamba kila mtu ana jina la ukoo na kwamba jina hilo huja mwisho. Wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu. Tuseme mtafiti anaitwa Fatma Juma Khamis. Makala moja itamwandika Khamis FJ, nyingine Juma FK, na ya tatu, iliyoandaliwa na mwenzake aliyejaza fomu kinyume, Fatma JK. Hifadhidata itahesabu watu watatu, kila mmoja na makala yake moja. Tazameni pia Dkt. Tedros, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Dunia nzima inamwita kwa jina lake la kwanza, lakini anayetafuta makala yake ya mwaka 1999 katika BMJ, kuhusu malaria kwa watoto wanaoishi karibu na mabwawa kaskazini mwa Ethiopia, ataikuta chini ya Ghebreyesus TA.

Ushauri wangu: chagua sasa namna moja ya kuandika jina lako, uishike mpaka ustaafu, na ujiandikishe ORCID, namba ya tarakimu 16 inayotolewa bure tangu mwaka 2012. Unapomtaja mwenzako, fungua makala yake uone yeye mwenyewe anavyojiandika. Usimbadilishie jina kwa kukisia.

Makala zisizo na kurasa

Mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha katika Scientific Reports makala iliyohoji kama jambo aliloliona Mpemba lipo kweli au linatokana na namna ya kupima. Ipo katika juzuu ya 6, na badala ya kurasa ina namba ya makala, 37665. Katika Vancouver namba hiyo hukaa mahali pa kurasa. APA, toleo la saba, inataka itanguliwe na neno la kuonyesha kuwa ni namba ya makala. Usiandike kurasa ulizozihesabu mwenyewe kwenye PDF.

Na kwa kuwa tupo Kanada: mwaka uleule wa 1969 ilipotoka makala ya Mpemba, G. S. Kell wa Baraza la Taifa la Utafiti, Ottawa, alichapisha makala yake kuhusu kuganda kwa maji ya moto na ya baridi katika American Journal of Physics, juzuu ya 37, kurasa 564 na 565. Anayemtaja Mpemba akawaacha Kell na Burridge anaweza kuwa na orodha safi kabisa kwa nukta zake, na bado ikawa orodha ya upendeleo.

Mashine

Tumieni Zotero, ni bure, na tangu mwaka 2019 huonya makala uliyoihifadhi ikiwa imefutwa na jarida. Lakini programu haijui kwamba *Anopheles gambiae* huandikwa kwa herufi za mlazo, na ikiamriwa kupunguza herufi kubwa katika kichwa cha makala, Kilimanjaro nayo inaweza kugeuka kilimanjaro.

Kuhusu roboti za kuandika, nitasema kwa ufupi. Hutunga marejeleo yenye mwaka, juzuu na kurasa, ya makala ambazo hazijawahi kuandikwa. Mwezi Februari 2024 Mahakama Kuu ya British Columbia ilimwamuru wakili aliyekuwa amewasilisha kesi mbili zilizotungwa na ChatGPT alipe gharama kutoka mfukoni mwake. Uamuzi huo ulitolewa Vancouver, mji uleule wa mtindo wetu wa marejeleo.

Basi ndugu zangu, kabla ya kutuma muswada, fungueni kila makala iliyomo kwenye orodha, mmoja asome jina, mwaka, juzuu na ukurasa kwa sauti, mwingine akague. Msichoweza kukifungua, kiondoeni pamoja na sentensi inayokitegemea.