Bunduki Tatu Nyumbani

Wewe baba mwenye kuficha bunduki tatu. Unasema kaliba 12 ni ya kuwinda, Kalashnikov ni ya wezi, na ile FAL ya Wabelgiji ni ukumbusho wa vita. Vema. Lakini mtoto anajua sababu hizo? Ukitoa chombo cha masasi 30 katika Kalashnikov, sasi moja laweza kubaki ndani, nyuma ya mtutu. Mtoto ataona haina kitu, ataichezea.

Katika Katanga, miaka ya 2000, watu walirudisha bunduki wakapewa baiskeli. Baiskeli hupeleka mihogo sokoni!

Basi chagua ya kwanza kutoka: Kalashnikov. Usiibebe barabarani, umwone kwanza chifu, bunduki ikiwa bado nyumbani.