Mtoto Aliyenyamaza Darasani

Mazungumzo mbele ya familia zilizohama na viongozi wao, Lusangi, Maniema

Leo hatutazungumza juu ya mgawo wa chakula wala karatasi za usajili. Tunataka kuzungumza juu ya watoto na lugha, kwa sababu katika vijiji tunavyopita kati ya Kasongo na Kabambare neno moja linarudi. Mwalimu anasema: huyu mtoto wa wahami hasemi, ni mjinga au ana kiburi. Mzazi wake anasema: nyumbani anasema kutwa nzima mpaka tunamnyamazisha. Wote wawili wanasema waliyoyaona, na mtoto ni yule yule.

Tuanze mbali kidogo. Mtoto anaanza kusikia sauti ya mama yake akiwa bado tumboni, na akizaliwa anaipambanua na sauti za wanawake wengine. Katika miezi yake ya kwanza anaweza kutofautisha hata sauti za lugha ambazo hajapata kuzisikia. Wachunguzi Janet Werker na Richard Tees walionyesha huko Kanada, mwaka 1984, kwamba uwezo huo unapungua kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja, kwa sababu sikio lake limekwisha kuzoea sauti za nyumbani. Karibu na mwaka mmoja anatamka neno la kwanza, na karibu na miaka miwili anaunga maneno mawili. Hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha kanuni.

Kamil Ud Deen alichunguza usemi wa watoto wadogo wa Nairobi, na kitabu chake kikatoka mwaka 2005. Aliona kwamba mtoto anayeanza Kiswahili huacha mara nyingi vile vipande vya mwanzo wa kitendo. Anasema «taka maji» mahali pa «nataka maji». Kila mama aliyekaa hapa amesikia hivyo. Na sisi hatumpigi mtoto kwa «taka maji». Tunamjibu, «Unataka maji? Haya, shika», tunampa kikombe, na baada ya miezi vipande vinaingia vyenyewe mahali pake. Shikeni mfano huu wa maji, maana tutauhitaji tukifika shuleni.

Sasa tazameni mtoto aliyehama. Wengine mmetoka upande wa Fizi, wengine Salamabila, wengine mpakani na Tanganyika. Nyumbani mtoto alisikia Kibembe, au Kibangubangu, au Kizimba. Kiswahili alikisikia sokoni na njiani, kingine kidogo kuliko cha hapa. Halafu anaingia darasani na kukuta Kifaransa ubaoni. Mtoto anayeingizwa katika lugha mpya mara nyingi hunyamaza kwanza. Kunyamaza huko kunaweza kuchukua majuma, hata miezi, na wakati huo anafanya kazi: anasikiliza, anakusanya, anapima nani atamcheka. Ukimlazimisha kusimama mbele ya wote na kusema, unarefusha kimya chake.

Halafu kuna jambo linalowachanganya walimu wengi. Miezi inapita, mtoto anacheza mpira na wenzake, anagombana nao kwa Kiswahili safi, hata matusi anayajua. Mwalimu anasema, basi lugha anaijua, akishindwa imla ni uvivu. Sivyo. Jim Cummins, mtaalamu wa elimu huko Kanada, alionyesha kwamba watoto wa wahamiaji hufikia lugha ya kuongea na wenzao kwa muda wa miaka 2 hivi, lakini lugha ya kitabu, ile ya hesabu na maelezo, huwachukua miaka 5 hadi 7 kufikia kiwango cha wenyeji. Hao walikuwa watoto wa Kanada, wenye vitabu na madarasa yenye dirisha. Sisi tukimpa mtoto wa hapa miezi mitatu, kisha tukaandika kwamba hana akili, tunamwonea.

Lakini si kila kimya ni cha kujifunza. Mtoto anayenyamaza hata nyumbani, katika lugha ya mama yake, asiyecheza, anayeshtuka usiku, huyo anaweza kuwa amebeba vita ndani yake. Na yuko mtoto ambaye hasikii vizuri, hasa aliyewahi kutoka usaha masikioni. Simama nyuma yake, mwite kwa sauti ndogo, uone kama atageuka. Hao wawili wapelekeni kituo cha afya, msingoje.

Wazazi wengi hutuuliza kama waache lugha yao nyumbani ili watoto wapate Kifaransa upesi. Tunawajibu wazi: msiache. Mtoto wa mwanadamu anaweza kubeba lugha mbili au tatu bila kuharibika, na kuchanganya maneno si ugonjwa. Mama anayemsemesha mtoto kwa lugha anayoijua vizuri anampa hadithi, mafumbo, majina ya miti, sababu za mambo. Akijilazimisha Kifaransa cha maneno ishirini, anampa maneno ishirini tu. Tena lugha zetu ni ndugu. Kibembe, Kibangubangu na Kiswahili zote huonyesha umoja na wingi mwanzoni mwa neno, na maneno mengine katika usemi hulifuata neno hilo. Mtoto aliyeshika moja amekwisha kutembea nusu ya njia ya kwenda kwa nyingine. Kifaransa ni nyumba ya ukoo mwingine, na mlango wake tunaufikia vizuri zaidi kupitia nyumba ya jirani.

Jambo hili linaonekana zaidi katika kusoma. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosikika: ukijua herufi na silabi, unasoma. Katika Kifaransa mtoto anakuta «ils parlent», na herufi tatu za mwisho hazisikiki kabisa. Mtoto wa darasa la kwanza asiyeijua lugha hiyo anawezaje kubahatisha? Anakariri mdundo kama wimbo, na mzazi akipita dirishani anafurahi kwamba watoto wanasoma. Kumbe hawasomi. Lakini aliyejifunza kusoma katika lugha anayoielewa hajifunzi kusoma mara ya pili. Ufundi ule anauhamishia Kifaransa.

Wala hatuwaombi walimu wavunje sheria. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa na lugha za mahali kutumika katika kufundisha. Tunajua vitabu ni vichache, na kwamba tangu karo za shule ya msingi za serikali zilipofutwa mwaka 2019 madarasa yamejaa. Mwalimu mwenye watoto mia moja hatumlaumu. Tunamwomba kitu kidogo: aeleze somo kwa Kiswahili kwanza, na mtoto akikosea, amjibu kama tulivyojibu «taka maji».

Na kuchapa au kuaibisha mtoto kwa sababu ya lugha kuishe. Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi mwanafunzi aliyesikiwa akisema Kikuyu shuleni alivyopigwa, au kuvishwa kibao cha aibu shingoni, na jinsi watoto walivyofundishwa kuchongeana ili mwenye hatia apatikane. Viongozi, hapo ndipo tunawahitaji ninyi. Sisi sote tunajua, bila kutaja mahali, kwamba katika miaka ya vita matamshi ya mtu yameweza kumtia hatarini njiani. Mtoto anayechekwa darasani kwa namna anavyotamka anaanza kujifunza kwamba kuna «sisi» na «wao», na yule anayemcheka anajifunza hivyo hivyo.

Tukumbuke pia Kiswahili chenyewe kilifikaje Maniema. Kilikuja katika karne ya 19 na misafara ya pwani na Zanzibar, siku ambazo Hamed bin Muhammed el Murjebi, tunayemwita Tippu Tip, alikuwa na makao yake Kasongo. Hatusifu biashara ile; ilibeba pembe na ilibeba watu. Tunasema tu kwamba bibi zetu na babu zetu walikuwa wageni wa lugha hii. Walijifunza wakiwa watu wazima, kwa makosa, na matamshi ya kwao yakabaki. Watoto wao waliichukua, wakaifanya yao. Basi nani hapa Lusangi atamcheka mtoto wa Fizi kwa Kiswahili chake?

Tumeona pia michezo ya watoto ikifanya kazi ambayo semina zetu haziwezi. Mwenyeji anamfundisha mgeni kuhesabu, mgeni anamfundisha kitendawili cha kwao. Wakalisheni dawati moja. Msiweke wahami nyuma.

Tumalizie na swali ambalo mama mmoja alituuliza kabla hatujaanza: binti yake ana miaka 13, vita vimemkosesha shule, je, amechelewa kujifunza kusoma? Hapana, mama. Matamshi ya lugha mpya ni rahisi zaidi kwa mtoto mdogo, hilo ni kweli, lakini kusoma hakuna umri wa kufunga mlango, na mkubwa mara nyingi huelewa maelezo upesi kuliko mdogo. Nchini mwetu kuna vituo vya masomo ya kufidia, ambako miaka sita ya shule ya msingi hufanywa kwa mitatu. Baada ya mkutano tafadhali ukae na direkta wa shule na chefu, mwulize kituo kilicho karibu ni kipi na nani atamsindikiza binti. Wengine wenye watoto wa umri huo, bakini pamoja naye.

Sasa tunapokea maswali, kwa lugha yoyote. Watafsiri wako hapa.