Mulango wa Masomo: Nani Aliingia, Nani Alibaki Inje?

Hotuba iliyosomwa na katekista siku ya Yubile ya Parokia ya Lusangi



Katika Maandiko Matakatifu, mwaka wa Yubile haukuwa mwaka wa ngoma na karamu peke yake. Ulikuwa mwaka wa kurudisha: mutumwa aliachiliwa, na jamaa iliyopoteza shamba lake ilirudishiwa. Nimeombwa kusema neno juu ya masomo katika inchi yetu. Kwa hiyo naona inatupasa kuuliza swali la Yubile. Watoto wetu walinyimwa nini, ambacho lazima warudishiwe?

Mungu hakugawa akili kwa kufuata rangi ya ngozi wala wingi wa mali. Ni watu waliojenga mulango mbele ya masomo wakaweka mulinzi pale. Mulinzi huyo amebadilika mara nyingi, lakini mulango haujaondolewa bado.

Kwanza: mulango wa rangi

Wazee wa Kasongo na Kabambare walirithi kumbukumbu ya utumwa. Kasongo ulikuwa muji wa Tippu Tip, mupaka askari wa Dhanis walipouteka tarehe 22 Aprili 1893. Utumwa wa minyororo ulikwisha, lakini daraja kati ya watu hazikwisha. Tangu mwaka 1917 mukulima wa Maniema alilazimishwa kulima pamba, na bei yake ilipangwa na wengine.

Katika masomo ilikuwa vile vile. Mutoto wa Muzungu alikuwa na shule yake, iliyofuata programu ya Ubelgiji. Mutoto Mweusi alikuwa na yake: kusoma, kuandika, hesabu, katekismu na kazi ya mikono. Walitakiwa makarani, walimu na mafundi. Hawakutakiwa mahakimu wala waganga wakubwa. Ni katika matengenezo ya mwaka 1948 tu ndipo sekondari ya masomo ya jumla ilipopangwa kwa Weusi.

Mbele ya hapo, njia ya kupanda juu ilikuwa moja: seminari. Stefano Kaoze, mwana wa Marungu, upande wa jirani zetu wa Tanganyika, alipewa upadri tarehe 21 Julai 1917, wa kwanza katika Wakongomani. Tunamushukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini tufikiri vizuri, ndugu zangu. Akili ile iliyojifunza Kilatini, falsafa na teolojia ingaliweza kujifunza sheria au uganga. Altare ilimufungulia mulango. Baraza la hukumu na hospitali hazikumufungulia. Kijana aliyeona kwamba Mungu hakumuita kuwa padri alirudi kuwa karani chini ya Muzungu, hata kama alimupita kwa masomo.

Kisha vita ya pili ya dunia, Serikali ilianza kuwachagua wachache walioitwa «evolue». Mwaka 1948 ililetwa karti ya sifa ya raia, na mwaka 1952 ile imatrikulasio. Mutu aliyeomba alichunguzwa mupaka ndani ya nyumba yake: anakula namna gani, anaishi namna gani na muke wake. Patrice Lumumba, aliyefanya kazi katika ujana wake kwa Symétain huko Kalima, katika Maniema yetu hii, naye alipita katika njia hiyo, akaandikwa mwaka 1954. Karti haikumupa Mweusi mushahara wa Muzungu. Ilimutenga tu na ndugu zake waliobaki shambani. Hivi ndivyo rangi ilivyozaa tabaka: Mweusi aliyesoma aliambiwa kwamba si kama wenzake, lakini kwa Wazungu pia hakupewa kiti.

Tunda la mupango ule lilionekana tarehe 30 Juni 1960. Inchi ya watu zaidi ya milioni 13 ilipata uhuru, na Wakongomani wenye diploma ya iniversite hawakupita 30. Thomas Kanza, mulei wa kwanza kupata diploma hiyo, aliipata Louvain mwaka 1956 tu. Katika jeshi hakukuwa hata ofisa mumoja Mweusi. Lakini mapadri Wakongomani walizidi 500. Hesabu hizi zinatufundisha wazi: mahali mulango ulipofunguliwa, Mukongomani aliingia, mahali ulipofungwa, alisemwa kwamba hawezi.

Pili: milango ndani ya nyumba yetu

Siku ya Yubile tusiwatazame Wabelgiji peke yao. Tangu mapatano ya mwaka 1925, musaada wa Serikali kwa shule ulikwenda kwa misioni za Kikatoliki za Wabelgiji. Waprotestanti walingojea kwa miaka zaidi ya 20. Na jirani zetu Waislamu wa Kasongo? Muzazi Mwislamu aliogopa kwamba mutoto akiingia shule ya misioni atageuzwa dini, akamuzuia nyumbani. Hivyo jamaa nzima zilibaki nyuma, halafu watu wakasema kwamba hawapendi masomo! Shule za Serikali zisizo za dini zilianza kufunguliwa kwa Weusi mwaka 1954 tu, na shule za konvansio za Waislamu zilikuja baadaye sana, wakati wa Zaire.

Tena kuna binti. Alifundishwa kushona, kupika na kulea, na hayo ni mema. Lakini Sophie Kanza, mwanamuke Mukongomani wa kwanza kumaliza iniversite, alimaliza mwaka 1964, na kisha miaka miwili akawa waziri. Je, kabla yake hakukuwa binti mwenye akili katika Kongo nzima?

Tatu: mulango wa mufuko

Rangi ilipoacha kulinda mulango, feza ilikuja kusimama pale. Mwaka 1974 Serikali ilichukua shule zote. Mwaka 1977 ilirudisha usimamizi kwa dini kwa njia ya konvansio. Katika miaka ya 1990 mushahara wa mwalimu ulipotea, naye muzazi akaanza kumulipa. Shule haikufa, tuwasifu wazazi! Lakini mwalimu alilazimishwa kumufukuza darasani mutoto wa maskini ili watoto wake mwenyewe wale. Mimi na rika langu tuliona wenzetu wenye akili kutushinda wakirudi nyumbani kwa sababu ya feza kidogo sana.

Katiba ya mwaka 2006 ilisema shule ya msingi ya Serikali ni ya bure; utekelezaji ulianza Septemba 2019. Watoto walirudi kwa wingi, madarasa yakajaa kupita kiasi, na walimu wengi waliendelea kufundisha bila mushahara. Sekondari ingali muzigo wa wazazi. Ndiyo maana kijana wetu anaacha kalamu na kwenda kuchimba zahabu, na binti anaolewa mapema.

Kazi ya Yubile

Wapendwa, sherehe itakwisha kesho. Naomba tubaki na mambo matatu. Kwanza, kila shirika ya Wakristu ihesabu watoto wasiosoma katika kijiji chake, bila kuuliza kabila wala dini. Mutoto wa Mwislamu na wa Muprotestanti ahesabiwe pamoja na wetu. Pili, kila shirika ilime shamba moja la mihogo au la mupunga kwa ajili ya sekondari ya watoto wa maskini, na nusu ya musaada huo iwe ya mabinti. Tatu, sisi tuliosoma tusimuzarau mukulima, maana pamba yake na jasho lake vililipia madawati tuliyokalia.

Mukono mumoja haulei mwana. Siku moja Mungu atatuuliza talanta zetu ziko wapi. Tusiwe watu watakaojibu kwamba zilizikwa mbele ya mulango wa shule, nasi tulipita pale kila siku tukizitazama.