Maneno ya Bunge Yaandikwe Papo Hapo

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Bofu, Likoni



Nimeombwa niseme juu ya wenzetu wasiosikia vizuri na habari za Bunge. Pengine mtu atauliza, hayo yanahusu nini chama cha wafanyakazi? Yanahusu sana. Masikio ya mfanyakazi huliwa na kazi: winchi, nyundo, jenereta, mashine za kukatia chuma. Kanuni za kelele za mwaka 2005 zimekataza mtu kukaa zaidi ya saa 8 kwa siku katika kelele iliyopita desibeli 90. Ni kanuni nzuri, lakini aliyeharibikiwa kabla yake hakurudishiwa masikio.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 120, imeweka lugha tatu rasmi za Bunge: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Hilo ni jambo kubwa, wala hatulipunguzi. Lakini mtu aliyesikia mpaka umri wa miaka 50, kisha masikio yakafa, ishara hazijui. Yeye anajua kusoma. Anachotaka ni maneno yaandikwe chini ya picha, papo hapo yanaposemwa. Hansadi huandika yote, lakini huja baadaye, na pengine ushuru umekwisha pitishwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilizitaka stesheni za televisheni ziweke ishara au maandishi katika taarifa za habari. Hiyo "au" ndiyo iliyotuponza: stesheni ilipomweka mkalimani, ilikuwa imetimiza sheria.

Kazi yenyewe hufanywaje? Kuna mashine ya hati mkato. Karani hagongi herufi moja moja, bali hubonyeza vibonye kadhaa kwa mpigo mmoja, kama mpiga kinanda, na kompyuta hugeuza kuwa maandishi. Karani hodari hufika maneno 200 kwa dakika na kupita. Taabu ni kwamba mashine hiyo imezoeshwa Kiingereza. Neno letu moja, "hatutawaruhusu", hubeba maneno matano ya Kiingereza. Basi Kiswahili kinahitaji kamusi yake ndani ya mashine, na makarani waliofundishwa kwa Kiswahili.

Wasituambie haiwezekani. Mwaka 1974 Bunge liliamriwa kuhamia Kiswahili kwa ghafla, na Hansadi ikaandikwa kwa Kiswahili. Tena kanuni za Bunge zasema mbunge akianza kwa lugha moja amalize kwa hiyo hiyo (ingawa wengi huteleza), kwa hiyo karani anajua ashike kamusi ipi.

Naomba chama kimwandikie Karani wa Bunge la Taifa, na Bunge la Kaunti ya Mombasa pia, vikao vitangazwe pamoja na maandishi kwa lugha ya msemaji. Na makarani hao wawekwe wa kutosha wapokezane, maana mikono na akili huchoka upesi, nao ni wafanyakazi kama sisi. Barua imekwisha pigwa chapa. Katibu ataisoma sasa, kisha tupige kura.