Jina Kwenye Daftari Halitoshi



Mwaka 2004 Kimani Maruge, mzee wa miaka 84, alisajiliwa darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Leo Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati mwaka 2023, hufundisha kwa intaneti, mwanafunzi akiwa nyumbani.

Lakini kwa mtu mzima kujisajili ni mwanzo tu. Kuna shamba, watoto na bando la kununua. Basi tuzo haimfai mwenye orodha ndefu ya majina. Inamfaa karani anayemsaidia mama kujaza fomu kwenye simu, na mwalimu anayempigia mwanafunzi aliyepotea wiki mbili.

Wahesabiwe waliomaliza, ndipo wapigiwe makofi waliowashika mkono.